Mbuga Isiyo na Watu: Uhakiki wa Utetezi wa Video ya "Wildest Dreams" kwa Jicho la Kagerankanda

Utangulizi

Tarehe 30 Agosti 2015 video ya wimbo "Wildest Dreams" wa mwimbaji wa Marekani Taylor Swift ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza. Wimbo wenyewe ulikuwa umetoka mwaka mmoja kabla, katika albamu yake iitwayo 1989. Video iliongozwa na Joseph Kahn, na kisa chake ni chepesi kueleza: waigizaji wawili wa sinema, mwanamke na mwanamume, wako Afrika mwaka 1950 wakipiga filamu ya mapenzi. Wanapendana kweli, au wanadhani wanapendana, kisha kazi inakwisha na penzi linakwisha nayo. Nafasi ya mwanamume inaigizwa na Scott Eastwood. Nyuma yao wamo simba, twiga, pundamilia, ndege ndogo ya zamani na jua linalozama.

Siku mbili baadaye waandishi wawili wenye mizizi Uganda, Viviane Rutabingwa na James Kassaga Arinaitwe, walichapisha makala kupitia shirika la redio la NPR la Marekani. Walidai kuwa video hiyo inaiota Afrika ya wazungu watupu, inaligeuza bara zima kuwa pazia la nyuma la mapenzi ya wageni, na inaupamba ukoloni ambao wazee wao waliuishi. Mjadala ukasambaa mitandaoni kwa kasi. Mashabiki wa mwimbaji walisimama kumtetea, na Kahn mwenyewe akatoa maelezo ya kuitetea kazi yake.

Mashtaka ya aina hii yameandikiwa mengi. Utetezi wake haujaandikiwa sana. Kwa kawaida mtetezi wa nyota hudharauliwa na wasomi kabla hajasikilizwa, kana kwamba ushabiki ni ugonjwa na wala si namna mojawapo ya kusoma kazi ya sanaa. Uhakiki huu unauchukua utetezi kuwa matini inayostahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Unauliza: mtetezi anaisoma kazi, au anamsoma mtu? Na je, hoja anazotoa zinasimama zikipelekwa mahali ambapo picha ile inadai kupatoa, yaani katika ardhi yenyewe ya Afrika Mashariki?

Mahali palipochaguliwa ni Kagerankanda, katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Si kwa sababu video ilipigwa huko; haikupigwa huko. Wala hapa hayatolewi maoni ya wakazi kana kwamba walihojiwa. Kagerankanda imechukuliwa kama mahali pa kusomea, kwa sababu mbili zitakazoonekana: historia ya ardhi yake inagusa moja kwa moja suala la nyika isiyo na watu, na mojawapo ya filamu ambazo Kahn alizitaja kuwa chemchemi ya kazi yake inatokana na kisa cha Ziwa Tanganyika, ambalo ni ziwa la Kigoma.

Kile ambacho utetezi ulisema

Hoja za Kahn zilikuwa nne. Kwanza, video haina ajenda ya kisiasa. Ni kisa cha mapenzi ya huzuni kilichosimuliwa kwa lugha ya picha ya Hollywood ya zamani, mithili ya "The African Queen", "Out of Africa" na "The English Patient". Pili, watu weusi wamo katika video, na walioiunda si wazungu peke yao: yeye ni Mmarekani mwenye asili ya Asia, mtayarishaji Jil Hardin ni mwanamke Mmarekani mweusi, na mhariri Chancler Haynes ni mwanamume Mmarekani mweusi. Tatu, kuwajaza waigizaji weusi katika kikundi cha wapiga filamu cha mwaka 1950 kungekuwa kuipotosha historia. Nne, mapato ya video yalielekezwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori kupitia African Parks Foundation of America.

Lazima isemwe mapema kwamba washtaki walikuwa wapole kuliko walivyosimuliwa na wapinzani wao. Rutabingwa na Arinaitwe hawakumtwika Swift mzigo wote. Lawama kubwa waliielekeza kwa watu walioitengeneza video, kwamba wangalifanya utafiti zaidi. Sehemu kubwa ya utetezi wa mashabiki ilikuwa ikijibu shtaka ambalo halikutolewa, yaani kwamba msichana huyu ni mbaguzi moyoni mwake. Hilo ni jambo la kawaida katika majibizano. Aliyewahi kusoma mashairi ya malumbano ya Mombasa ya enzi za Muyaka bin Haji anajua kuwa mjibu huchagua ubeti ulio rahisi kujibiwa na kuupita ule mgumu.

Hoja ya nia na hoja ya asili

Hoja mbili za mwanzo zinaweza kushughulikiwa pamoja, tena kwa ufupi, kwa maana zinahusu watu. Zikichukuliwa kama majibu ya shtaka la chuki, zinatosha. Hakuna sababu ya kumshuku Hardin, Haynes au Kahn kuwa waliketi na kupanga kuwatukana Waafrika, na mhakiki anayedai vinginevyo ana wajibu wa kuleta ushahidi. Utetezi wa mashabiki ulikuwa na haki katika jambo hili, na ni vyema haki hiyo ikatajwa bila kigugumizi.

Hata hivyo, shtaka lilikuwa juu ya picha. Picha haina asili ya kabila wala rangi ya ngozi. Ikiwa mbuga inaonyeshwa bila wenyewe, inabaki kuwa bila wenyewe hata kama aliyeikata na kuiunganisha ni mweusi wa Marekani. Zaidi ya hayo, hoja ya asili inachukulia kwamba Mmarekani mweusi na mkulima wa Kasulu wana macho yaleyale kwa sababu ya rangi moja. Dhana hiyo ndiyo iliyokuwa ikipingwa. Inashangaza kidogo kuona mtetezi akijikinga na shtaka la kuiona Afrika kama kitu kimoja kwa kutumia hoja inayoiona rangi nyeusi kama kitu kimoja.

Hoja ya historia

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonukuliwa sana na mashabiki. Inasema hivi: mwaka 1950 wapiga filamu wa Hollywood walikuwa wazungu, kuonyesha vingine ni uongo. Hoja hii ina sura ya uaminifu. Inampa mtetezi nafasi ya kusimama upande wa ukweli na kumweka mshtaki upande wa matamanio. Kwa hiyo inafaa ichunguzwe kwa kipimo ilichojichagulia chenyewe, yaani historia.

Mwaka 1950 huohuo kampuni ya MGM ilitoa filamu "King Solomon's Mines", iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton, na kuigizwa na Stewart Granger na Deborah Kerr. Ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, na wachezaji ngoma Watutsi wamo ndani yake. Filamu hiyo imejaa Waafrika. Wanabeba mizigo, wanaongoza njia, wanacheza, wanapigana, na mmoja wao anadai kiti cha ufalme. Siriaque aliigiza Umbopa na Kimursi aliigiza Khiva, na majina yao yamo katika orodha ya waigizaji. Namna walivyochorwa ina kasoro nyingi za kikoloni, na hakuna haja ya kuipaka rangi. Lakini wapo. Sinema ya kikoloni ya mwaka 1950, pamoja na upofu wake wote, iliona watu wengi zaidi kuliko video ya mwaka 2015 inayodai kuiigiza kwa uaminifu.

Miaka mitatu baadaye John Ford alitoa "Mogambo", akiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Kenya, ambako sehemu ya filamu hiyo ilipigwa, ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kutokana na vita vya Mau Mau. Ni vigumu kudhani kuwa kikundi chochote cha Hollywood kilipiga kambi Afrika Mashariki wakati huo bila wapishi, madereva, wabeba vyombo, wakalimani na walinzi wenyeji. Kambi ya safari bila wao isingesimama hata usiku mmoja. Kwa hiyo anayetaka kuwa mwaminifu kwa mwaka 1950 hahitaji kubuni mpiga kamera mweusi. Anahitaji tu kugeuza kamera kidogo pembeni.

Hapo ndipo hoja ya historia inapojifunga yenyewe. Mtetezi alikuwa akijiuliza nani alikuwa nyuma ya kamera, ilhali swali la washtaki lilikuwa nani alikuwa juu ya ardhi. Na kuhusu ardhi, mwaka 1950 una majibu mengi. Nyanda za juu za Uha zilikuwa zimekwisha kuwa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge. Vijana wa Kibondo na Kasulu walikwenda Tanga kwa mkataba, wakiitwa manamba, jina linalotokana na namba waliyopewa badala ya jina. Chama cha TAA kilikuwa kikikusanya wanachama katika miji ya Tanganyika, na miaka minne tu baadaye, tarehe 7 Julai 1954, kikazaliwa TANU. Ule mwaka ambao kwenye video ni wa machweo na ndege ndogo ulikuwa kwa wengine mwaka wa mkataba wa kibarua. Video haikulazimika kuyasema hayo. Wimbo wa mapenzi si kitabu cha historia. Ila mtetezi aliyeiita historia kuwa shahidi wake hana budi kumsikiliza shahidi hadi mwisho.

Meli ya Kigoma na filamu iliyotajwa

Katika orodha ya filamu ambazo Kahn alizitaja, "The African Queen" inaihusu Kigoma kuliko alivyotambua, pengine kuliko mashabiki wengi walivyotambua. Filamu hiyo ya John Huston ya mwaka 1951, iliyoigizwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, inatokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Riwaya nayo imeazima kisa cha vita vya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Wajerumani inayowindwa katika kisa hicho ina nasaba na Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kufikishwa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Vizazi vya wasafiri wa Kigoma vimeijua kwa jina hilo, pamoja na magunia ya dagaa na mafuta ya mawese iliyokuwa ikibeba.

Kipande cha historia kilichozaa filamu ile kilikuwa, kwa hali halisi, kazi ya mabega ya Waafrika. Waingereza walipoleta mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, kupitia Kongo mwaka 1915, zilivutwa nchi kavu na mamia ya vibarua waliofyeka njia na kujenga madaraja. Katika filamu kazi hiyo imekuwa safari ya watu wawili, mzungu mlevi na mzungu mcha Mungu, ndani ya mashua moja. Waafrika wanaonekana mwanzoni kanisani, wakiimba wimbo wasioujua vizuri. Kisha kijiji kinachomwa na wao wanatoweka. Tangu hapo mto ni wa wapendanao.

Maana yake ni kwamba utupu wa "Wildest Dreams" ulirithiwa, na kila mrithi aliufanya utupu huo uwe safi zaidi. Kutoka vitani hadi riwayani baadhi ya watu walipotea; kutoka riwayani hadi sinemani wakapotea wengine; kutoka sinemani hadi kwenye video ya dakika chache wakabaki simba. Mtetezi anaposema kuwa alikuwa akiigiza tu sinema ya zamani, anasema kweli. Lakini kuiga kunakochuja namna hii ni uamuzi wa kisanaa, na uamuzi wa kisanaa unahakikiwa.

Kuhusu "Out of Africa" itoshe kusema kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kuikosoa Afrika ya Karen Blixen kwa ukali katika insha zilizomo kwenye Moving the Centre, na sinema ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, ikiwa na ndege ndogo juu ya mbuga, ndiyo inayosikika waziwazi katika video. Mashabiki waliosema kuwa hakuna aliyewahi kulalamikia filamu hizo hawakuwa wamesoma.

Pori linavyotengenezwa

Hoja ya nne, ya sadaka, ilitolewa kwa nia njema na huenda ilifanya mema. Hakuna ubaya katika fedha kwenda kwa wanyama. Lakini ikiwekwa kama jibu la shtaka, inafichua kitu. Kwa macho ya mtetezi, anayedaiwa na picha ile ni simba. Deni la picha kwa watu halikuonekana kuwepo, hivyo halikulipwa. Kutoka hapa msomaji anafikishwa Kagerankanda.

Anayepita leo katika eneo hilo la Kasulu hukutana na miombo, mashamba ya mahindi, maharage na mihogo, na simulizi ndefu za mgogoro kati ya wakulima na mipaka ya hifadhi ya msitu. Swali linalorudi katika mgogoro wa namna hii ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: pori hili lilikuwa la nani kabla halijaitwa pori? Kwa mtazamaji wa mbali, msitu usio na nyumba ni msitu uliokuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Historia ya Uha haikubaliani naye. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na ugonjwa wa malale, iliwahamisha watu wa sehemu kubwa za Kasulu na Kibondo kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Walikoondoka, mashamba yaligeuka vichaka, vichaka vikawa miombo, na mbung'o na wanyama wakaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma ilihamisha watu tena, safari hii kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa. Baadaye ardhi ya nyanda hizi ilipokea pia wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, iko katika wilaya hiyohiyo ya Kasulu.

Kila uhamisho ulikuwa na sababu zake. Malale yalikuwa yakiua kweli, na si haki kuifanya kila amri ya zamani kuwa njama. Linalohusu uhakiki wa picha ni tokeo lake: utupu wa pori ni maandishi. Umeandikwa na magonjwa, amri, ramani na magari ya serikali. Aliyefika baada ya maandishi kukauka anauona kama karatasi nyeupe.

Ndiyo sababu hoja ya kwamba video "ni burudani tu" haiwezi kukubalika kirahisi kwa anayesoma akiwa Kagerankanda. Picha ya Afrika yenye wanyama na isiyo na watu haikubaki kwenye skrini. Ni sehemu ya mazoea ya macho ambayo hufanya mkulima aliye ndani ya pori aonekane mvamizi kwa kuonekana tu, kabla hata hati hazijafunguliwa. Kusema hivyo si kudai kwamba wimbo mmoja wa mapenzi ulimfukuza mtu shambani. Dai hilo lingekuwa la kipuuzi, na baadhi ya washtaki wa mitandaoni walilikaribia kwa hasira zao. Dai ni dogo zaidi na gumu zaidi kukwepa: video iliongeza tone katika mtungi uliokuwa umejaa, na mtetezi alijibu kwa kusema kuwa tone lilikuwa safi.

Washtaki nao hawakwenda mbali vya kutosha. Makala yao ilizungumzia Afrika na ukoloni kwa ujumla, ikaorodhesha maumivu ya bara zima. Haikuuliza ni mbuga ipi, iliyoachwa wazi na nani, mwaka gani. Kwa kufanya hivyo waliibakiza Afrika kuwa moja, ileile waliyokuwa wakiilalamikia, na wakampa mtetezi mwanya wa kujibu kwa ujumla vilevile.

Utetezi bora ambao haukutolewa

Haki ya mtetezi inadai kwamba hoja yake iimarishwe kabla ya kukataliwa. Ipo hoja nzuri ambayo Kahn aliigusa kidogo na kuiacha. Video haisimulii Afrika. Inasimulia upigaji wa filamu kuhusu Afrika. Kamera zinaonekana, waigizaji wanaigiza wakiigiza, na mwishoni kuna onyesho la filamu mjini ambako mwanamke anamwona mpenzi wake akiwa na mke, naye anatoka na kukimbia. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: video inaonyesha kuwa ndoto ile ni ya uongo. Mbuga tupu ni sehemu ya uongo huo. Mtazamaji anakaribishwa kuona jinsi Hollywood ilivyotengeneza mapenzi ya bandia juu ya ardhi ya bandia.

Hoja hii ina uzito, na ingetolewa mapema mjadala ungekuwa wa wahakiki badala ya kuwa wa wapambe. Lakini ikipimwa kwa matini yenyewe inafika nusu ya njia. Video inalivunja penzi. Hailivunji pazia la nyuma. Penzi linapofichuliwa kuwa la kuigiza, simba anabaki simba wa kweli, machweo yanabaki mazuri, na tambarare inabaki bila nyayo. Hakuna picha hata moja inayomgeukia aliyebeba taa, aliyepika chai ya waigizaji au aliyeambiwa asogee pembeni ili mbuga ionekane pana. Watu weusi wachache waliomo wanapita bila kushika kisa. Kejeli ya kazi inaelekezwa kwa wapendanao peke yao. Mtunzi alijua kuwa mapenzi ya sinema hutengenezwa. Hakujua, au hakujali, kwamba nyika ya sinema nayo hutengenezwa.

"Salome" na mwenye kujibu

Ulinganisho wa karibu unasaidia kuonyesha kwamba utetezi wa nyota unaweza kusimama imara pale masharti yake yanapotimia. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, ambaye asili ya familia yake ni Kigoma ingawa alikulia Tandale, alitoa "Salome" akimshirikisha Rayvanny. Wimbo huo uliujenga upya wimbo "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera aliyetamba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maswali yaliyoulizwa yalifanana na yale ya uporaji wa utamaduni: je, kijana tajiri wa Dar es Salaam ana haki gani ya kuuchukua wimbo wa Kihaya na kuuvalisha mahadhi ya klabu, na maneno ya mapenzi ya mjini juu yake?

Mashabiki wa Diamond walijibu kwa kelele kama wenzao wa Marekani, na kelele zao hazikuwa na hoja bora. Tofauti ilikuja kutoka kwingine. Mwenye wimbo alikuwa hai, ana jina, na alisema. Saida Karoli aliupokea wimbo huo hadharani kwa furaha, na baada yake akarudi kusikika akiwa na kazi mpya. Mtu anaweza bado kuuliza kuhusu mgawanyo wa mapato, au kuhusu Wahaya wengine ambao hawakuulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi kwa sababu maswali hayo hayaishi kwa mtu mmoja kuridhika. Lakini utetezi ulikuwa na mguu wa kusimamia. Mcheza kwao hutunzwa, na hapa aliyetunza alikuwa mwenye kwao.

Hapo pia inabainika kwa nini neno "kuchukua" peke yake halitoshi kuwa kosa. Ngoma ya beni, iliyoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilichukua kutoka kwa wakoloni tarumbeta, magwaride, sare na vyeo. Vikundi vya Marini na Arinoti vilikuwa na majenerali na makepteni wa kujitawaza. Hakuna aliyefikiri kuwa jeshi la Uingereza limeporwa utamaduni wake. Aliyechukuliwa alikuwa na nguvu ya kujibu, tena nyingi kupita kiasi. Alikuwa akiwachunguza wachezaji kwa hofu. Kipimo, basi, ni kama anayechukuliwa anabaki ndani ya picha akiwa na uwezo wa kusema.

Mwaka 2012 wasanii kadhaa wenye asili ya Kigoma, Diamond akiwamo, waliungana kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa "Leka Dutigite", wimbo wenye jina la Kiha. Baadhi yao walikuwa wamekulia mbali na Kigoma, na Kiha cha baadhi yao huenda kisingefika mbali sokoni Kasulu. Ungeweza kuwauliza kwa haki kama hawakuwa wakijipamba kwa lugha ya bibi zao. Lakini swali hilo lingeweza kuulizwa kwa Kiha, na kujibiwa kwa Kiha, na watu ambao video ya wimbo huo iliwataka waonekane. Kwa upande wa "Wildest Dreams", mtetezi alipotafuta mtu wa ardhi ile wa kumuuliza kama ameridhika, alimkuta simba.